Motaboti za zamani za mbao: utajuaje ilikuwa ya kazi gani, na kama ukarabati wake ni wa kweli?

Ngalawa_Kavu ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nawapenda sana hawa wazee wa mbao waliojengwa kati ya mwaka 1900 na 1950: motaboti za marubani wa bandari, za jeshi la majini, za kuvuta matishari, za abiria. Ikishakarabatiwa, ikang'arishwa shaba na kupakwa vanishi, unaweza kukaa gatini unaitazama hadi maji yakapwa. Shida yangu ni kwamba zikishang'aa zote zinafanana, na kila mwenye boti ya Kiingereza anakwambia yake "ilikuwa Dunkirk", yaani ilishiriki kuokoa askari kutoka pwani ya Ufaransa mwaka 1940.

Nina maswali mawili. Kazi ya zamani ya boti unaisoma wapi? Na unatofautishaje ukarabati wa kweli na vipodozi? Naomba vitu vya kutazama na kushika, maana "angalia kama iko vizuri" nimeshaisikia vya kutosha.

---

Darumeti amejibu:

Mkuu, mahali pa kwanza ni chini ya sitaha. Chombo kilichosajiliwa Uingereza kilitakiwa kuchongwa namba yake rasmi na tani zake kwenye darumeti kuu, ile boriti kubwa inayobeba sitaha. Ingia na tochi, pangusa rangi, soma. Namba ile haibadiliki jina la boti likibadilishwa, na ndiyo utakayofuatilia kwenye daftari za usajili. Ukikuta darumeti mpya isiyo na namba, uliza ya zamani ilienda wapi. Fundi makini huikata sehemu yenye namba na kuipachika ndani ya boti.

Boti za jeshi la majini la Uingereza mara nyingi hazina namba hiyo kwa sababu hazikusajiliwa kiraia hadi zilipouzwa. Kwenye hizo tafuta alama ya mshale mpana, alama ya mali ya serikali, iliyogongwa kwenye vifaa vya shaba. Tafuta pia bolti nene zenye macho, moja upande wa omo (mbele) na nyingine upande wa tezi (nyuma), zilizoshuka hadi kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti. Boti iliyokuwa ikibebwa juu ya meli iliinuliwa kwa winchi kupitia hapo. Boti ya starehe haina haja ya bolti za namna hiyo.

Boti ya kuvuta inajulikana kwa mahali nguzo yake ya kamba ilipo. Haiwekwi tezini kabisa. Iko mbele ya propela na usukani, karibu theluthi ya urefu kutoka nyuma, kwa sababu kamba ikifungwa mwishoni kabisa inaishika tezi na usukani unashindwa kuigeuza boti. Siku hizi nguzo huwa imeng'olewa ili kupata nafasi ya meza na viti, ila darumeti za hapo chini hubaki nene kuliko za kwingine.

Boti ya rubani ina njia safi pembeni mwa kibanda, na reli ya kushika inayokwenda mfululizo bila kukatika, maana mtu alitembea hapo wakati wa mawimbi kwenda kudaka ngazi ya meli. Ina mbao nene za msuguano ubavuni zilizovishwa bamba la chuma au bronzi. Kwenye mlingoti tazama vishikio viwili vya taa, kimoja juu ya kingine: nyeupe juu, nyekundu chini ndizo taa za rubani. Ya abiria ndiyo rahisi kuliko zote: pana, sitaha ndogo, mabenchi yanazunguka kuta zote.

Kuhusu Dunkirk: uokoaji ule ulikuwa kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940, na waliotolewa walizidi askari 338,000. Boti ndogo zilizoshiriki na zikathibitishwa zina chama chao Uingereza, na nyingi zina kibao cha "Dunkirk 1940". Kibao chenyewe hakitoshi, kinaweza kuhamishwa kwa bisibisi. Mfano wa historia iliyonyooka ni Sundowner: ilijengwa mwaka 1912 kama boti ya mvuke ya jeshi la majini, ikageuzwa ya starehe na Charles Lightoller, yule afisa aliyenusurika Titanic, naye akaenda nayo mwenyewe Dunkirk na kurudi na watu takribani 130 ndani ya chombo cha futi 58. Kila hatua ina karatasi. Boti isiyo na karatasi kati ya mwaka 1939 na 1946 usiipe ushujaa kwa maneno ya muuzaji.

---

PambaNaPuti amejibu:

Darumeti kamaliza la kwanza, mimi nichukue la pili.

Nenda na nyundo ndogo na msumari mwembamba wenye mpini, na omba boti ipandishwe chelezoni. Ikiwa majini huwezi kuikagua, hata uambiwe nini. Gonga ubao mmoja mmoja. Mbao nzima inalia sauti kavu na nyundo inaruka, iliyooza inatoa sauti butu na nyundo inatulia. Palipo na sauti butu, choma na msumari kwa ruhusa ya mwenye boti. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Watu wengi hukimbilia kutazama chini ya maji. Mbao iliyolowa maji ya chumvi muda wote haiozi kirahisi. Kinachoua boti hizi ni mvua. Kuvu huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja: mbao ikiwa chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu haimei, na ikijaa maji kabisa hewa inakosekana. Kwa hiyo uozo unaishi pale katikati: pembe za madirisha, mguu wa kibanda unapokutana na sitaha, vichwa vya darumeti, vichwa vya mataruma (mbavu za boti) chini ya ukingo wa sitaha, na juu ya ubao wa tezi. Weusi unaotambaa chini ya vanishi kutoka kwenye kona ni maji yaliyoingia kwenye kiungo. Ukikuta kona zimepakwa rangi wakati kuta nyingine zimeachwa na vanishi, jua kuna kitu kimefunikwa.

Pili, misumari. Boti nzuri za wakati ule zilifungwa kwa misumari ya shaba, ncha yake imepondwa juu ya washa ya shaba kwa ndani. Ikichoka inakuwa nyembamba pale ubao unapokutana na taruma, huwezi kuiona bila kuitoa. Omba itolewe michache kutoka sehemu tofauti, mmojawapo karibu na mkuku. Ikiwa ilitumika misumari ya chuma kwenye mwaloni, utaona madoa meusi: tindikali ya mwaloni inakula chuma, na kutu ya chuma inakula mwaloni. Hapo unabadilisha vyote.

Tatu, mataruma. Yale yaliyopindwa kwa mvuke hupasuka pale tumbo la boti linapokunja. Ufa mmoja mmoja si msiba. Yakipasuka matatu manne mfululizo kwenye mstari mmoja, umbo limeanza kulegea. Ukarabati wa kweli unaweka mataruma mapya ya mwaloni mbichi, si uliokaushwa kwenye tanuri, kwa sababu ule mkavu unakatika. Kwenye sanduku la mvuke taruma hukaa saa moja kwa kila inchi ya unene, na likitoka una chini ya dakika moja kulikunja na kulibana kabla halijapoa. Usitoe mataruma yote kwa mkupuo. Toa moja, acha mawili, ukimaliza mzunguko rudi. Anayeng'oa yote kwa pamoja bila kuweka kalibu za kushika ubavu anaishia na chombo kilichonyooka mgongo.

Ukarabati wa kipodozi unamwaga epoksi kwenye ufa na kupaka rangi ya kijivu kwenye ngama yote, kule chini kabisa ndani ya boti. Ngama iliyopakwa rangi mpya juzi ndiyo ya kwanza kukwaruzwa.

La mwisho, angalia mbao kuzunguka valvu za bronzi na mabano ya shafti, kwa ndani. Ukikuta imekuwa laini, na nyuzi nyeupe zinazochambuka kama pamba, huo si uozo wa kuvu. Mtu amefunga zinki nyingi kupita kiasi, vile vipande vinavyoliwa badala ya vyuma vingine, na kuunganisha kila chuma kwa waya. Umeme mdogo unaozalishwa unatengeneza magadi kwenye bronzi, na magadi yanayeyusha gundi asilia ya mbao. Bronzi inabaki inang'aa huku mbao inayoishika inakwisha. Boti ya mbao inahitaji zinki kwa kiasi tu, na vifaa vilivyo mbalimbali vya bronzi safi mara nyingi havihitaji kuunganishwa kabisa.

---

Kalafati1 amejibu:

Nyongeza kwa aliyosema PambaNaPuti, kwa boti za jeshi hasa. Nyingi hazina ubavu wa tabaka moja la mbao. Zina ngozi mbili za mahogani zilizolazwa mshazari, moja ikiikata nyingine, na katikati kitambaa kilicholoweshwa mafuta au rangi. Mfano ni HMS Medusa ya futi 72, iliyojengwa Poole mwaka 1943 kwa ulinzi wa bandari, ambayo Juni 1944 ilisimama kuonyesha njia iliyosafishwa mabomu kuelekea Omaha, ufuo wa Normandy, wakati wa uvamizi. Leo imekarabatiwa na inaelea. Zile Fairmile B, boti za doria za vita za futi 112, nazo ni hivyo hivyo. Baada ya vita, nyingi ziliuzwa bila injini, zikageuzwa nyumba za kuishi majini.

Bodi ya namna hii HAITIWI kalafati, yaani pamba ya kuziba mishono. Ukipiga pamba kwenye mshono wa ngozi ya nje unazisukuma ngozi mbili ziachane, kitambaa kinachanika, na boti inaanza kuvuja mahali pasipo na mshono. Ikivuja, dawa ni kufungua ngozi ya nje eneo hilo, kubadilisha kitambaa, kulaza mbao mpya kwa mshazari ule ule na kufunga upya kwa shaba. Kazi ndefu, ndiyo maana wengi wanaikimbia.

---

Ngalawa_Kavu ameandika:

Shukrani sana wakuu. Je, boti iliyovishwa faibaglasi juu ya mbao ni ya kukimbia moja kwa moja? Na injini: ikiwa si ya asili, thamani ya kihistoria inapungua?

---

PambaNaPuti amejibu:

Faibaglasi juu ya bodi ya zamani, kwangu mimi, kimbia. Mbao inavimba na kusinyaa, ganda halifuati. Gundi inaachia, maji yanaingia katikati, na hapo umetengeneza ule unyevu wa kati ambao kuvu inautaka. Ukikagua, gonga: ganda lililoachia linalia utupu. Na huwezi tena kuona misumari wala mishono.

---

MotaBaridi amejibu:

Kwenye injini, "ya asili" ina maana mbili. Chombo cha mwaka 1912 kilichoanza na mvuke, kikapata petroli, kisha dizeli mwaka 1950, kila injini ni sehemu ya maisha yake ya kazi. Kuondoa petroli kulikuwa busara tupu: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala kwenye ngama unasubiri cheche. Mimi ningeiheshimu Gardner, dizeli ya Kiingereza, iliyofungwa miaka ya kazi kuliko petroli iliyorudishwa kwa ajili ya maonyesho.

Gardner za aina ya LW zilitoka mwaka 1931. Kila silinda ni lita 1.4, hivyo 4LW ya silinda nne ina lita 5.6 na 6LW ya silinda sita ina lita 8.4, nguvu farasi 102 kwa mizunguko 1,700. Zinakwenda polepole, zinazungusha propela kubwa. Ukikuta Kelvin K, dizeli nyingine ya zamani, usishangae kuona plagi na magneto kwenye dizeli: inawashwa kwa petroli kwanza, ikishapata mwendo unaibadilisha kwenda dizeli.

Kosa linalojirudia ni kutoa injini nzito na kuweka ya kisasa nyepesi kwa mamia ya kilo. Boti inaelea juu zaidi, mbao zilizozoea maji zinakauka, mishono inafunguka, kisha watu wanailaumu kalafati. Ukibadilisha injini, weka uzito wa fidia pale pale, na pima propela upya.

Kulinganisha injini na shafti usikufanye chelezoni ukaona umemaliza. Bodi ya mbao hubadilika umbo ikiingia majini. Acha siku kadhaa ikiwa imeelea, fungua bolti za flanji, pima pengo pande nne: tofauti isizidi 0.1 mm kwa flanji ya inchi 4. Pakingi ya shafti iachwe idondoshe tone tone boti ikitembea. Ikibanwa hadi ikauke, inakula shafti.

---

Kalafati1 amejibu:

Na kwa kuwa umetaja kuingiza majini: bodi ya tabaka moja la mbao iliyokaa nchi kavu miezi mingi itavuja siku ya kwanza, hata iwe nzima. Usijaze mishono iliyofunguka kwa puti ngumu. Mbao ikivimba haina pa kwenda, inavunja misumari au inasukuma mataruma. Lowesha ndani kwa maji ya chumvi siku chache kabla, ishushe ibaki kwenye mikanda ya krini usiku kucha, pampu mbili ziwe tayari, moja ya umeme na moja ya mkono. Maji yakipungua kila saa, inafunga. Yakibaki kiwango kile kile hadi siku ya tatu, ipandishe na uanzie na ubao ulio jirani na mkuku.