Mrejesho: Siku yangu ya kuzaliwa huku Leipzig

Wakubwa shikamooni. Wiki mbili zilizopita niliomba ushauri: najitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee hapa Leipzig, Ujerumani, natimiza miaka 24 na sina wa kusherehekea naye. Kilichoniuma zaidi, wenzangu kazini walijua tarehe lakini kimya.

Dada mmoja aliyewahi kuishi huku alinifungua macho. Wajerumani hawampongezi mtu kabla ya siku yenyewe, kwao ni mkosi. Na mwenye siku ndiye anayepeleka keki kazini. Kumbe mimi nilikuwa nasubiri kuletewa!

Basi usiku nikakanda maandazi ya iliki, yakatoka 40. Asubuhi wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Bibi mmoja ninayemlisha, ambaye siku nyingi hasemi neno, alilishika andazi kwa mikono miwili, akalinusa weee, kisha akaomba la pili. Nilitoka nje kidogo nikapumue.

Jioni nililia, siwafichi. Novemba huku saa kumi na moja haijafika giza limeshatanda, na chumbani niko peke yangu. Mama alipiga simu ya video saa mbili usiku. Nyumbani Morogoro ilikuwa saa nne, wadogo zangu wanasinzia lakini wamegoma kulala. Walimwagiana kikombe cha maji kwa niaba yangu.

Dada, asante sana. Jumamosi mwenzangu wa kazini amenialika kwao kunywa kahawa. Ameomba maandazi.