Wosia wa mwaka 1831 North Carolina: wazee wa mkwe wangu nitawapataje humu?

Mwalimu_Ipuli (Tabora)

Habari za humu ndani wadau. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa historia, nimestaafu, naishi Ipuli. Binti yangu ameolewa na kijana Mmarekani mweusi. Walipokuja kusalimia ukoo nilimpeleka mkwe Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Jioni wazee wakamtajia nasaba ya binti yangu, fulani bin fulani, mpaka wakachoka wenyewe. Mkwe akaniambia: "Mama, mimi naishia 1870." Sasa mjukuu yuko njiani na mimi sina vipindi vya kufundisha, nimejipa kazi.

Tulipofika ni hapa. Sensa ya 1870 inamtaja mzee wao Isaac, miaka 45, kibarua wa shamba, na mke na watoto, kwenye kaunti moja ya North Carolina inayopakana na Virginia (jina la ukoo naliacha, ni la watu). Sensa hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari lao la pembeni: jina la bwana, halafu chini yake umri, jinsia na rangi. Mwanamume, 35, mweusi. Basi.

Jina la ukoo la Isaac ni lilelile la Mzungu mmoja mkulima wa tumbaku wa kaunti hiyo. Nikautafuta wosia wa huyo mzee mtandaoni, nikaupata, wa 1831. Nimeusoma kwa miwani miwili. Kitanda cha manyoya kimetajwa kinakwenda kwa nani. Farasi jike katajwa kwa rangi yake. Mtambo wa gongo (ndiyo, gongo, na wao walipika) umetajwa, anapewa mtoto wa pili. Ikifika kwa watu anasema tu "weusi wangu wote", nusu mstari, kwa mkewe, na baadaye kwa watoto.

Nikaangalia 1860 kwa watoto wa kiume wa huyo mzee: hakuna mtu wa umri wa Isaac. Je, ndiyo mwisho wa njia, au mahakama zao zina karatasi nyingine?

NgojaWaje

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa hapa na karanga zangu.

Kibirizi_Kijana (Kigoma)

Mwakeye mama, na shikamoo. Niko Kibirizi, huwa najitolea kunakili kumbukumbu za namna hii mtandaoni. Naandika haraka kabla umeme haujakwenda.

Jina la ukoo lisikufunge. Baada ya 1865, utumwa ulipokwisha, kuna waliochukua jina la bwana wa mwisho, kuna waliorudi kwa bwana wa kwanza kabisa au jina la baba, na kuna waliojichagulia walilolipenda. Isaac kuwa na jina la huyo mzee wa tumbaku haina maana kwamba 1860 alikuwa kwa wanawe.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, ambao ni bure ukishafungua akaunti, tangu 2024 wana utafutaji wa maandishi yote. Kompyuta imesoma mwandiko wa mkono wa nyaraka za ardhi na mirathi za Marekani, kila neno. Zamani ulikuwa na faharasa ya majina ya marehemu tu, na mtumwa si marehemu kwenye jalada la bwana wake, hayumo. Leo andika Isaac, ongeza jina la mzee, chagua jimbo na kaunti. Ila inasoma vibaya pia. Ukirudi karne ya 18, ile S ndefu ya makarani inaiona F, kwa hiyo jaribu na Ifaac. Usicheke mama, inafanya kazi.

Halafu 1866 North Carolina ilipitisha sheria kwamba wenza waliokuwa watumwa waandikishe kuishi kwao pamoja. Daftari linasema wamekaa miaka mingapi kama mume na mke. Hilo litakupa mke wa Isaac na mwaka walioanza.

Picha ni nzito, pakua usiku bando likiwa rahisi.

Karani_wa_Zamani (Tabora)

Mwangaluka, mayu.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani humu, na majalada ya mirathi ndiyo yaliyonizeesha. Nilipostaafu nikaanza kusoma ya Wamarekani kwa udadisi tu, nikakuta ni makarani wenzangu, tofauti ni kalamu.

Mwalimu, umesoma karatasi ya kwanza ukafunga jalada. Wosia unasema marehemu alitaka nini. Kilichotokea kiko nyuma yake. Hapa kwetu msimamizi akishateuliwa anadaiwa Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, ndani ya miezi minne, kisha Fomu namba 6, hesabu ya alivyogawa. Kule North Carolina mpaka 1868 mirathi ilikuwa kwa mahakama ya kaunti iliyokaa kila robo mwaka, na mtiririko ni uleule. Mashahidi wanathibitisha wosia, msimamizi anaweka dhamana na wadhamini wake, halafu inafanywa orodha. Baada ya hapo mnada wa vitu, mgawanyo, hesabu za kila mwaka. Wosia ulinakiliwa kwenye kitabu, ndio huo uliouona. Haya mengine mengi ni karatasi huru, zimefungwa kwa jina la marehemu, na Nyaraka za Jimbo mjini Raleigh zinazo nyingi. Picha zake zipo hukohuko ulikopata wosia, lakini kwenye fungu jingine. Usitafute tena chini ya wosia.

Orodha ndiyo utakayoikuta na majina. Wanaoiandika wanaingia chumba kwa chumba, ukisoma unawaona wanavyotembea: vitanda, vyungu vya jikoni, majembe, nguruwe. Na watu. Mara nyingine watu wako mstari mmoja tu chini ya ng'ombe, kila mmoja na bei yake. Jiandae, na usimpigie mkwe simu ukamsomea ghafla.

Mara nyingi mama anafuatwa na watoto wake wadogo wa mgongoni: fulani na mtoto wake. Hiyo ni sheria, si huruma. Virginia tangu 1662 waliamua mtoto afuate hali ya mama, na makoloni mengine ya kusini yakashika njia hiyo. Ndiyo maana kwenye majalada haya utampata mama, baba humpati, labda alikuwa kwa bwana mwingine kabisa.

Sasa lililo kubwa. Rudi kwenye wosia usome sentensi ya mke. Amepewa moja kwa moja, au amepewa atumie maisha yake yote kisha wagawane watoto? Nusu mstari uliotuandikia inaonyesha ni hii ya pili. Kama ndivyo, watu wale hawakugawanywa 1831. Waligawanywa alipokufa mama mjane, huenda miaka kumi au ishirini baadaye, na karatasi za mgawanyo zinaweza kuwa kwenye jalada la mume, si la mke. Watu wengi wanaacha kutafuta mwaka aliokufa mzee. Tafuta mwaka aliokufa bibi.

Mfano wake mkubwa ni George Washington. Wosia wake wa Julai 1799 uliwaacha huru watumwa wake 123 mara mkewe Martha atakapofariki. (Martha hakusubiri, aliwaachia Januari 1801.) Lakini pale Mount Vernon, shambani kwake, walikuwapo wengine 153 ambao Washington hakuwa na uwezo nao. Walitoka kwa mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, aliyekufa 1757 bila wosia, na Martha alikuwa na theluthi ya kutumia maisha yake tu. Alipofariki 1802 wakagawanywa kwa wajukuu. Mtu alikufa 1757, mgawanyo ukafanyika 1802! Nani angefikiri kutazama huko?

Na hilo la kufa bila wosia: mimi nikipewa kuchagua, nachagua aliyekufa bila wosia. Watoto hawaaminiani, mahakama inataka kila kijiko kiandikwe.

Mwisho, kama mzee aliacha watoto wadogo, waliwekewa mlezi wa kisheria, na mlezi alitoa hesabu kila mwaka. Watumwa wa watoto walikodishwa kwa mwaka, mara nyingi kuanzia tarehe 1 Januari, na hesabu inataja nani kakodishwa kwa nani na kwa kiasi gani. Inataja viatu, blanketi, daktari. Inataja hata malipo ya mkunga kwa mwanamke fulani, kwa jina. Hapo umepata mwezi aliozaliwa mtoto, kutoka kwenye risiti ya mkunga.

MtemiBilaKiti

Samahani mwalimu, lakini mimi sielewi. Njia ya misafara ilipita hapa hapa, Ujiji, Unyanyembe, mpaka Bagamoyo. Waliouzwa hapa nani anatafuta majina yao? Tunawasaidia Wamarekani waliokwisha andikiwa kila kitu. Au ndio mkwe anatafuta kama babu yake alitoka Tabora?

Mwalimu_Ipuli

MtemiBilaKiti, swali la mwanzo ni la haki na nimelifundisha miaka yote bila karatasi ya kumwonyesha mwanafunzi. Msafara haukuwa na masijala. Ila hilo halinizuii kumsaidia baba wa mjukuu wangu, na "kuandikiwa kila kitu" umeona mwenyewe ni kuandikwa chini ya ng'ombe.

La pili, hapana, na nimemwambia mkwe waziwazi pale pale Kwihara asijenge hadithi. Misafara yetu ilikwenda Zanzibar na Bahari ya Hindi. Waliopelekwa Marekani wengi sana walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, wa pwani ya mashariki walikuwa wachache, na kuingiza watumwa kulipigwa marufuku huko tangu 1808. Alikubali. Aliuliza tu asali ya hapa inauzwaje.

Mzee Karani, ahsante sana baba. Nimerudi kwenye sentensi ya mke. Ni kama ulivyosema, maisha yake yote. Naingia kwenye karatasi huru.

Mwalimu_Ipuli

Wadau, nimerudi na kitu.

Orodha ya 1831 ipo. Imekunjwa sana, mkunjo umepita juu ya bei, lakini majina yanasomeka. Baada ya mapipa ya tumbaku wameandika watu, na katikati yao: Hannah na mtoto mchanga, halafu kijana mdogo Isaac. Isaac wetu angekuwa na miaka sita hivi. Lakini chini kabisa yupo Isaac mwingine, "mzee", bei yake ni sifuri. Wameandika kabisa sifuri. Huyo nimemwangalia muda mrefu.

Mjane alikufa 1846. Mgawanyo ni wa 1847 na, mzee Karani, uko kwenye jalada la mume, chini kabisa, baada ya risiti za miaka yote ile. Wamegawanywa kwa mafungu, warithi wakapiga kura ya bahati. Fungu namba 3 lina Isaac, dola 600, na wengine wawili, na chini yake imeandikwa kwamba fungu namba 3 lilipe fungu namba 1 dola 12 na senti 50 ili yalingane. Fungu namba 3 limeangukia binti. Binti aliolewa, jina lingine kabisa, na mali ya mke siku hizo ilihesabiwa ya mume. Nikafungua 1860 kwa jina la huyo mkwe wa Kizungu: mwanamume, 35, mweusi. Yupo!

Kwa hiyo Kibirizi_Kijana ulisema kweli, jina alilibeba la nyumba ya zamani. Mtu akiangalia wana wa kiume peke yao hampati milele.

Linalonisumbua sasa ni Hannah. 1847 hayumo kwenye fungu lolote. Mchanga wake naye sijui ni nani, kuna wasichana wawili wa umri huo. Niandike amefariki?

Kibirizi_Kijana (Kigoma)

Mama hongera sana! Na yule Isaac mzee usimwache, wengi waliwapa watoto majina ya babu zao kama sisi. Si ushahidi, lakini mwandike kwa penseli.

Karani_wa_Zamani (Tabora)

Usiandike amefariki. Andika "1831 yupo, 1847 hayupo" na uache hivyo mpaka karatasi iseme.

Umesema katikati kuna risiti za miaka yote ile. Zisome moja moja, usiruke hata ya chumvi. Mjane mwenye haki ya kutumia tu hakuwa na ruhusa ya kuuza moja kwa moja, kwa hiyo kama Hannah aliuzwa kwa ajili ya deni, huenda kuna ombi mahakamani au warithi wamelalamika. Tazama pia kumbukumbu za vikao vya robo mwaka vya miaka hiyo. Kama alifariki, tafuta malipo ya fundi wa jeneza au ya daktari, wasimamizi walikuwa wanadai kila senti irudishwe. Na wale wasichana wawili, linganisha bei zao za 1847 na umri, halafu angalia kama yupo aliyeangukia fungu moja na Isaac. Ulisema fungu namba 3 lina wengine wawili. Ni kina nani? Tupia picha hapa, mwandiko ukikushinda nitausoma.