Walimu wa kuchora kwa wino mtandaoni, mbona kazi yenyewe mnaikata?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwisho wa mwezi wa tisa na leo limenifika shingoni.

Mimi ni mwandika vibao hapa Mwanza. Miaka 14 nimekula kwa brashi: majina ya maduka, saluni, ubavu wa mitumbwi pale soko la samaki la Mwaloni, matangazo ya ukutani. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yalipoingia, kazi ikaanza kukauka. Nikaamua nijifunze kuchora mandhari kwa peni na wino. Mji wetu ni wa mawe, mgeni hashuki Mwanza bila kuyapiga picha, na mchoro wa wino hauhitaji turubai wala mikebe ya rangi. Mwalimu wa kunishika mkono sikumpata, kwa hiyo simu ikawa ndiyo shule. Miezi minane sasa. Naunga bando la usiku, watoto wakilala nakaa mezani na karatasi.

Hasira yangu ni hii: somo linakimbizwa palepale ninapohitaji kuona.

Anayefuatilia video hizi atanielewa. Dakika tatu za mwanzo ni karibuni, bonyeza kengele, washirikishe wenzako. Zinafuata mbili za kuonyesha kalamu moja moja mbele ya kamera. Mchoro wa penseli unaukuta tayari upo kwenye karatasi, haijulikani umetoka wapi. Anachora kibanda, mistari minne, polepole kabisa, kama vile kuna mtu asiyejua kuchora boksi. Halafu anafika kwenye jiwe. Hapo muziki unaingia, mkono unaanza kuruka, na muziki ukinyamaza jiwe limekwisha, lina nyufa, lina uzito, limekaa chini. "Na hivyo ndivyo tunavyopata jiwe letu."

Mmelipataje?

Msiniambie nipunguze kasi, nimeshapunguza. Simu yangu inashuka mpaka robo. Kama mtu ameiharakisha video mara 16, ukiipeleka kwa robo bado inakwenda mara 4 ya mkono halisi, na katikati kuna picha ambazo hazipo tena. Kalamu iko hapa, ukipepesa iko kule. Nimewahi kuganda kwenye sekunde 41 za jiwe moja usiku mzima, nasimamisha, nasogeza, nasimamisha, mpaka bando likakata.

Mstari wenyewe siuombi kwa mtu. Mistari sambamba naijua, ya kukatana naijua, vinukta navijua. Ninachotaka kuona ni pale mkono unaposita. Kwenye rangi ukikosea unapaka nyeupe juu, unaanza upya. Kwenye wino nyeupe yako ni karatasi tu, ukishaifunika imekwenda. Kwa hiyo fundi wa wino kila baada ya mistari kadhaa anainua kalamu, anatazama, anaamua: hapa naacha, hapa naongeza, hapa nageuza mwelekeo. Huo muda wa kutazama ndio ninaoutafuta, na ndio mnaoukata mkidhani watu watachoka. Nilijipima mwenyewe: kipande cha jiwe cha ukubwa wa kiberiti kimenichukua dakika 40. Ninyi mnaandika juu ya video, "Chora mandhari nzima kwa dakika 10". Mtu anayeanza akiona hivyo anajiona mjinga, anaacha. Nawajua wawili walioacha.

Sasa niwaambie kilichonitokea. Mzee mmoja mstaafu, anahamia Dodoma kwa watoto wake, aliniambia: "Kijana wangu, nataka niondoke na Jiwe la Bismarck. Picha ya simu sitaki, nataka lililochorwa na mkono." Akanipa 30,000 ya kutangulizia. Kwangu hiyo ilikuwa zaidi ya hela. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba mchoro, si maandishi.

Nikaenda pale lilipo, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na kivuko cha Kamanga, siku tatu. Kila video niliyoangalia inasema hivihivi: chagua mwanga utoke juu kushoto, upande wa kulia weka kivuli. Haya, nenda ukaupate huo mwanga Mwanza! Asubuhi jua linatoka mgongoni kwako, jiwe linapigwa usoni, lote jeupe, halina upande. Jioni jua linashuka ng'ambo, Kamanga, nyuma ya jiwe, na jiwe linakuwa jeusi tii. Na mchana ule wa mwisho wa Septemba, kati ya saa sita na saa saba, jua liko juu ya utosi. Sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, jua linapita juu kabisa, mtu anakikanyaga kivuli chake. Jiwe nalo kivuli chake kiko chini ya tumbo lake, pale linapokalia mawe mengine. Mwalimu aliyeko Uingereza halaumiki kwa hilo, kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima na halifiki utosini hata siku moja. Ila mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, aliyezaliwa chini ya jua hilihili, anayerudia maneno ya mwenzake wa Ulaya neno kwa neno, huyo namlaumu.

Nikachora kama nilivyofundishwa. Mistari mifupi mifupi, kushoto hafifu, kulia nzito. Nilipokuwa namalizia nyumbani, Igogo, mama jirani yangu akapita. Yeye anagonga kokoto, mawe haya amekaa nayo maisha yake yote. Akasimama, akainama, akaniambia: "Fundi, hilo jiwe mbona lina manyoya?"

Hakuwa ananitania. Aliuliza kweli. Nikatazama, nikaona: lina manyoya. Ile mistari mifupi ya kuzunguka umbo ni ya jiwe la kwenye video, sijui la mto gani. Mawe yetu ni matale, yaani graniti, yamelambwa na mvua na jua mpaka yakawa laini mgongoni, na yakipasuka yanapasuka kwa mstari mmoja mrefu ulionyooka, au yanabambuka ganda kama kitunguu. Juu kuna michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege. Mgongoni pale hapahitaji mstari wowote. Panaachwa wazi, halafu wino wote unakusanywa kwenye ufa na chini ya tumbo. Hakuna video iliyoniambia "hapa usichore kitu". Si rahisi kuliona hilo kwenye mkono unaoruka, kwa sababu pasipochorwa hapana mkono.

Miti ndiyo usiseme. Misonobari na theluji, misonobari na theluji. Ukibahatika, mwaloni. Njoo uchore ua wa minyaa kwa ile mbinu yao ya kukoroga majani, uone. Mnyaa hauna majani ya kukoroga, ni vijiti vitupu vya kijani vimepandana. Mkuyu uliokaa juu ya jiwe na mizizi imeteremka kwenye ufa, nao hamna.

Nikafika kwenye wino, hapo ndipo nilipoangamia. Mwalimu niliyekuwa namfuata, mmoja wa hao wanaofundisha kwa Kiswahili, alisema "wino wowote mweusi unafaa". Nikanunua wino wa kalamu za kujaza, chupa ndogo. Mistari ikatoka vizuri. Kesho yake, nikimfuata hatua kwa hatua, nikachukua brashi na maji yenye wino kidogo nipitishe kivuli chepesi upande wa ziwa. Brashi ilipogusa tu, mistari ikaanza kufunguka. Nyeusi ikawa zambarau, zambarau ikatambaa kwenye ufa nilioulinda siku mbili, ikashuka majini. Nilisimama na brashi mkononi nikiitazama inakwenda, sina cha kufanya.

Baadaye nikajua, kwa kuhangaika mwenyewe. Wino mwingi wa kalamu za kujaza ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, ukikauka na ukilowa tena unayeyuka tena. Wino wa michoro ni masizi meusi, na ule usioogopa maji umefungwa kwa gundi ya lakiri (shellac), ukikauka umekauka. Lakini huo nao ukiutia kwenye kalamu ya kujaza unaziba mirija na kalamu imekufa, unatakiwa ncha ya kuchovya. Kalamu kama za Pigma Micron, zile ambazo namba 005 ina mstari wa milimita 0.20, zina wino wa chembe usioyeyuka. Sentensi nne! Dakika moja ya video! Hata kusema tu "chora mstari, uache ukauke, pitisha kidole kilicholowa, uone" kungeniokoa. Na karatasi hivyohivyo: ya fotokopi ya gramu 80 inanyonya, mstari unaota vinyweleo pembeni. Mwenzetu anachorea karatasi nene na laini, halafu anasema "karatasi yoyote".

Mzee nilimrudishia 30,000 yake. Alikataa kupokea, nikaiacha mezani. Ameshahama.

Kuhusu kozi. Huyu mwalimu, sitamtaja, anauza "kozi kamili" 58,000. Nililipa, nikiamini zile za bure ni za kuonjesha na polepole iko ndani. Video 12. Nane ni zilezile za bure, zimebadilishwa jina. Somo la mawe ndilo lile la sekunde 41, muziki umeondolewa tu. Tuliahidiwa kundi la maswali. Nikauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, naomba utuonyeshe jiwe moja bila kuharakisha, hata kama ni saa nzima, tutavumilia." Nikajibiwa kwamba sanaa ni kipaji. Nikauliza tena siku ya pili, nikatolewa kundini. Kama ni kipaji, 58,000 ilikuwa ya nini?

Ninachodai ni kidogo. Andikeni mchoro umechukua saa ngapi. Tuonyesheni penseli inavyoanza. Semeni ni wino gani na karatasi gani. Na mkiharakisha, harakisheni kibanda na mtuachie jiwe.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nashukuru hata wanaonipinga.

Mkuu unayesema video ya saa tatu haina watazamaji: weka mbili. Fupi ya kuvutia watu, ndefu ya sisi tunaojifunza. Sisi hatuhitaji muziki wala taa nzuri, simu iliyoegemezwa kwenye chupa inatosha.

Unayesema shida yangu ni vifaa, kwamba bila kalamu za nje wino hauwezekani, hapana. Hili nalikataa kabisa. Neno kalamu lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni tete. Watu wetu wa pwani waliandikia matete miaka mingi kabla ya duka la steshenari. Vincent van Gogh mwaka 1888, akiwa Arles huko Ufaransa, alichora mashamba kwa kalamu za matete yaliyokatwa palepale. Ziwa letu limezungukwa na matete. Nimekata, nimekausha, nimechonga ncha kwa wembe na kuipasua katikati, inaandika, mstari mnene ukikandamiza, mwembamba ukiinua mkono, na ufa wa jiwe inauchora vizuri kuliko peni zote nilizonunua. Vifaa ninavyo. Ninachokosa ni kuona mkono wa anayejua ukifanya kazi kwa mwendo wake.

Walioniambia nitaje jina la mwalimu, sitaji. Yupo humu, najua anasoma. Mwalimu, hela baki nayo. Weka lile jiwe lote, tangu kalamu inagusa karatasi hadi unapoifunika.

Na kama kuna mtu humu, wa Mwanza, Bukoba, Musoma, Ukerewe, popote, anayejua video hata moja, lugha yoyote, ambapo jiwe limechorwa kwa wino bila kukatwa, naomba aiweke hapa na ataje dakika linapoanzia. Bando la usiku ninalo hadi Jumapili.