Naomba ushauri: kunakili diski nzima ya kompyuta kongwe kabla haijafa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Dukani kwa ami yangu kuna kompyuta ya mezani ya Windows XP, na ndiyo iliyobeba programu ya hesabu na madeni yote ya wateja. CD ya programu yenyewe haijulikani ilipo, na aliyeiweka keshahama kisiwani. Kwa hiyo kunakili mafaili peke yake hakusaidii. Nataka diski nzima pamoja na Windows yake, ili hii ikifa nichomeke nyengine kazi iendelee. (Nimemshauri anunue kompyuta mpya. Jibu lake mnaweza kulikisia.)

Diski ni ya IDE, ile ya waya mpana kama utepe, GB 80. Siku hizi asubuhi inagonga tk-tk-tk kabla ya kuwaka. Kwa chumvi ya hewa ya huku na umeme unavyokatika, siiamini hata kidogo.

Nimesoma kuhusu Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima: ni ya bure, inawashwa kwa CD, na diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Lakini diski ikishaanza kugonga, nitumie Clonezilla hiyo hiyo au nianze na ddrescue, programu ya kuokoa data inayoruka sehemu mbovu kisha ikazirudia baadaye? Na nikihamia diski ya SATA (aina iliyokuja baada ya IDE) kwa adapta, XP itawaka au italeta skrini ya buluu ya hitilafu?

Mwisho, nani anajua fundi wa Chake Chake au Darajani, Unguja, mwenye adapta ya IDE kwenda USB, au niagize Dar moja kwa moja?