Swali: Intaneti ilizaliwa lini hasa, 1969, 1983 au 1991?

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na shikamooni wakubwa wote mtakaopita hapa. Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari mjini Iringa, na wiki iliyopita nilibanwa na swali ambalo sikulijibu kwa kuridhisha. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba intaneti ilianza mwaka 1969. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono akasema kwamba kitabu alichoachiwa na kaka yake kinataja 1983, na mwenzake wa dawati la nyuma akaongeza kuwa alikosoma yeye, kwenye simu ya mama yake, waliandika 1991. Nikawaambia kwamba yote matatu ni sahihi kwa namna yake. Darasa zima liliguna, na mguno ule niliustahili.

Jumatatu ningependa kurudi na jibu lenye sababu, si orodha ya miaka ya kukariri. Nikilazimika kuchagua tukio moja, nichague lipi, na kwa nini hilo? Naomba pia mfano ambao mtoto wa huku ataushika, kwa sababu mifano ya vitabuni ni ya bahasha na stempu, na wengi wa wanafunzi wangu hawajatuma barua ya posta hata moja tangu wazaliwe.

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Pole na kazi, Mwalimu. Mimi ni mama mwenye duka la kutengeneza kompyuta na simu, na zamani nilikuwa na chumba cha intaneti cha kulipia kwa saa, kwa hiyo swali lako nimeulizwa na wateja wa kila umri. Kwa maoni yangu, nusu ya tatizo imo katika neno letu wenyewe. Tukisema "mtandao unasumbua", mmoja anamaanisha mnara wa simu, mwingine anamaanisha bando limekwisha, na wa tatu anamaanisha kwamba tovuti ya matokeo ya mitihani haifunguki. Vitu vitatu vinaitwa kwa jina moja. Miaka mitatu ya wanafunzi wako ni hivyo hivyo: 1969 ni mwaka wa mtandao mmoja, 1983 ni mwaka ambao mitandao mbalimbali ilianza kuzungumza lugha moja, na 1991 ni mwaka ambao umma ulifunguliwa Wavuti, yaani zile kurasa na tovuti tunazozifungua, ambao ni huduma tu inayopita juu ya hiyo mitandao, kama barua pepe inavyopita.

Ule wa 1969 wasimulie watoto, kwa kuwa una uhondo. Mtandao wenyewe uliitwa ARPANET, na uligharimiwa na idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, saa nne na nusu kwa saa za California, kijana aitwaye Charley Kline, aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa Leonard Kleinrock katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alijaribu kuingia kwenye kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford iliyokuwa mbali kiasi cha kilomita 500, ambazo ni sawa na kutoka kwenu Iringa hadi Dar es Salaam. Alitaka kuandika LOGIN. Herufi ya kwanza ikafika, ya pili ikafika, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazima. Ujumbe wa kwanza kupita katika mtandao ule ukawa "LO", jambo ambalo Mswahili yeyote ataliona ni mshangao uliotamkwa kwa usahihi kabisa: Lo! Waliitengeneza, na baada ya kama saa moja wakaunganika. Huku kwetu tayari ilikuwa Alhamisi tarehe 30, saa tatu na nusu asubuhi. Kufikia Desemba zilikuwa kompyuta nne tu, baada ya kuongezwa ya Santa Barbara na ya Utah.

Hata hivyo, ningekuwa mimi ningechagua tarehe ambayo hakuna aliyeitaja darasani, nayo ni 30 Aprili 1993. Mwingereza Tim Berners-Lee alikuwa ameandika pendekezo la Wavuti mwezi Machi 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, na mnamo Agosti 1991 akautangaza kwa watu wa nje. Lakini wakati huo kulikuwa na mshindani aitwaye Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwanzoni alipendwa kuliko Wavuti. Mapema mwaka 1993 chuo hicho kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva za Gopher watatozwa ada, na watu wakaanza kuondoka. Aprili ile CERN ikatoa hati kwamba programu za Wavuti ni mali ya umma, kwamba yeyote azitumie na kuziendeleza bila kulipa wala kuomba ruhusa. Mwaka huohuo kikatoka kivinjari cha Mosaic, kilichoonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja, na mshindani hakusimama tena. Mimi ni mfanyabiashara, nayajua madhara ya kutoza ada kabla mteja hajazoea bidhaa.

Kijana wa Makambako

Shikamoo mama, na shikamoo Mwalimu. Mimi nilifundishwa kwamba intaneti ilibuniwa ili jeshi la Marekani liendelee kuwasiliana hata likipigwa bomu la nyuklia. Mbona hamjalitaja hilo? Kama ni kweli, basi siku ya kuzaliwa ni siku jeshi lilipotoa agizo.

Mstaafu wa Reli (Iyunga)

Marahaba, mjukuu wangu, na Mwalimu, ugonile. Nianze na hili la bomu kwa sababu limeenea sana, na limeenea kwa kuwa lina chembe ya ukweli. Kulikuwa na mtafiti aitwaye Paul Baran katika taasisi ya RAND ambaye, miaka ya mwanzo ya 1960, alitafuta kwa kweli njia ya mawasiliano isiyokufa hata baadhi ya vituo vikiteketezwa. Wazo lake lilikuwa kuukatakata ujumbe katika vipande vidogo, kila kipande kitafute njia yake. Donald Davies wa Uingereza alifikia wazo hilohilo bila kujua habari za Baran, naye ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Lakini waliojenga ARPANET hawakutumwa na bomu. Mwaka 1966 mkuu mmoja wa idara ile, Bob Taylor, alikuwa ofisini na mashine tatu za kuandikia, kila moja ikiwa imeunganishwa na kompyuta yake ya mbali na kila moja ikiwa na amri zake za kuingilia. Akachoka kuhama kiti. Mfikirie mfanyabiashara wa Tunduma mwenye simu tatu mfukoni, za laini za pande mbili za mpaka, anayejiuliza kwa nini asiwe na moja. Kompyuta zilikuwa ghali mno, na shabaha ilikuwa watafiti wa vyuo mbalimbali wazitumie kwa pamoja.

Sasa nije kwenye tarehe. Binti wa kidato cha pili anakaribia ukweli kuliko sisi wote, na nitaeleza kwa kitu nilichokifanyia kazi. Reli yetu ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na upana wa njia yake ni milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na za kusini zaidi. Reli ya Kati ya zamani, waliyoanza kuijenga Wajerumani, ina milimita 1,000. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kiganja changu, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Zinakutana Kidatu. Ungeweza kusema, basi, tung'oe reli moja tuijenge upya. Hakuna mwenye fedha hizo, wala hakuna anayekubali kwamba ya kwake ndiyo ing'olewe. Kinachofanyika ni kwamba kontena linanyanyuliwa kutoka behewa la reli hii na kuwekwa juu ya behewa la reli ile. Aliyelipakia hahitaji kujua upana wa njia itakayofuata, na kreni haihitaji kulifungua ione kilichomo.

Miaka ileile tuliyokuwa tunatandika mataruma huku, watafiti wa kompyuta wa Marekani, Vint Cerf na Bob Kahn, walikuwa wakihangaika na tatizo hilohilo. Kufikia mwaka 1973 ARPANET ilikuwa imefika Norway na London. Kulikuwa pia na mtandao wa redio na mwingine wa setilaiti, kila mmoja ukiwa na ukubwa wake wa pakiti, kasi yake na namna yake ya kukosea. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1974 hawakuitaka mitandao hiyo ifanane. Walipendekeza kontena moja la pamoja, ambalo leo tunaliita pakiti ya IP, na mashine za kusimama mipakani, yaani malango, zinazolihamisha kutoka mtandao hadi mtandao. Hapo ndipo penye intaneti yenyewe. Jina lake hasa lina maana ya kilicho kati ya mitandao, na mtandao mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuwa na "kati".

Kwa hiyo mimi ningeipa heshima tarehe 22 Novemba 1977, ambayo vitabu vingi vinairuka. Siku hiyo gari dogo la mizigo lenye mitambo ya redio lilikuwa likitembea barabarani karibu na San Francisco, na data zake zikapita kwa redio, zikaingia ARPANET, zikarushwa kwa setilaiti hadi Ulaya, zikarudi Marekani na kupokelewa karibu na Los Angeles. Zilizunguka bahari ya Atlantiki ili kufika katika jimbo lilelile zilikotoka! Mitandao mitatu isiyofanana ilikuwa imebeba kontena moja. Tarehe 1 Januari 1983 ndiyo siku utaratibu huo ulipokuwa lazima: kompyuta zote za ARPANET, ambazo zilikuwa mia kadhaa, ziliamriwa kuacha itifaki ya zamani, yaani kanuni zao za kuwasiliana, na kutumia TCP/IP, kanuni za hilo kontena la pamoja, na iliyochelewa ilikatwa. Baadhi zilihangaika kwa miezi. Ukitaka siku ya mimba chukua 1977, ukitaka cheti cha kuzaliwa chukua 1983.

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Shikamoo mzee. Kwa hoja ya Kidatu nimesalimu amri, ingawa nasisitiza kwamba bila ule Wavuti wa bure kreni yako ingekuwa inanyanyua makontena matupu.

Mwalimu, naomba uongeze jambo moja la huku kwetu, kwa sababu watoto wanaweza kudhani kwamba intaneti iliyozaliwa 1983 ilitufikia kesho yake. Nilipofungua chumba changu tulitegemea setilaiti. Setilaiti ya namna ile iko juu kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa hiyo ombi la mteja linapanda na kushuka, na jibu nalo linapanda na kushuka, safari nne zinazokaribia kilomita 144,000, na hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kabla ya ukurasa kuanza kujitokeza. Tena uwezo wenyewe ulikuwa ghali, tukagawana watu kumi mfereji wa mtu mmoja. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa data unaopita chini ya bahari, ukafunguliwa kupitia Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na Mkongo wa Taifa ukapandisha hiyo data nchi kavu hadi huku juu na kuivusha mpaka kwa Zambia pale Tunduma na kwa Malawi pale Kasumulu. Chumba changu kilikufa muda mfupi baadaye, kwa kuwa wateja waliikuta intaneti kwenye simu zao. Sikulia sana, kwani simu hizo huharibika.

Wanafunzi wako watakumbuka Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika kwa pamoja upande wa kusini mwa bahari yetu na nchi nzima ikabaki inasukuma kurasa kwa kidole. Siku ile walijifunza kwamba intaneti ni waya.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Nimeshukuru sana, na Jumatatu nitachora reli mbili na kreni ubaoni. Ninamfahamu binti yule, kwa hiyo naomba nijihami mapema. Atauliza: kontena likianguka njiani kati ya stesheni mbili, ni reli gani inayokwenda kulitafuta?

Mstaafu wa Reli (Iyunga)

Hakuna. Mwambie kwamba hapo ndipo mfano wangu unapoishia, kwa maana reli halisi ingeandikiwa barua kali. Katika ARPANET ya mwanzo mtandao wenyewe ndio uliobeba jukumu la kufikisha kila kitu salama. Mfaransa Louis Pouzin, katika mtandao wake wa CYCLADES, akaligeuza jambo hilo, na Cerf na Kahn wakajifunza kwake: mtandao ujitahidi tu, ukishindwa uangushe pakiti na kuendelea na kazi. Mtumaji ndiye anayebaki na nakala, na asipopata taarifa kwamba mzigo umepokelewa, anatuma tena. Hiyo ndiyo kazi ya TCP, na inafanyika kwenye kompyuta mbili za mwisho, ya kwako na ya yule unayewasiliana naye, wala haifanyiki njiani. Mchoree mtumaji akiwa na ghala la nakala nyuma ya nyumba yake, atakuelewa.