Mjadala: majina ya mababu tuyaache ama tuendelee nayo?

Assalam aleikum ndugu zangu wa Amu na Malindi. Kuna kaka hapa juu ameandika kwamba wakati umefika tuache kuwapa watoto majina ya babu zao. Sababu zake: mtaa mmoja una kina Mohamed Ali chungu nzima, pesa za simu zinaenda kwa mtu mwengine, shuleni mwalimu akiita jina wanaitika watatu, alafu akamalizia kwamba hii ni mila ya Waarabu tumejivika tu. Mimi napinga, tena napinga sana, ila kuna mahali ana haki na nitafika hapo.

Hilo la Waarabu kwanza. Toka hapa Malindi mjini nenda Ganda ama Kakoneni kwa Wagiriama, utamkuta Kazungu Charo, babake ni Charo Kazungu, na kijana wake wa kwanza anaitwa Charo tena, jina linazunguka vile vile na wala hawakulipokea kutoka Uarabuni. Nenda Mpeketoni kwa Wakikuyu waliokuja na skimu ya Ziwa Kenyatta miaka ya 70, mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la baba wa mume. Dini nayo haikukataza, Mtume (SAW) alipopata mtoto alimpa jina la Ibrahim, jina la babu yake wa kale Nabii Ibrahim.

Sasa faida yake. Sisi wengi wetu hatuna makaratasi ya ukoo, tuna majina tu. Waulizeni Wabajuni waliokimbia bara ya Kiunga na Mkokoni wakati wa vita vya Shifta miaka ya 60, wengine ndio hawa majirani zetu Malindi, watu walitoka na nguo walizovaa. Ukienda kutafuta kitambulisho ulikuwa ukiulizwa baba nani, babu nani, baba wa babu nani, mlikaa kijiji gani. Ami yangu alisimama mbele ya wazee akawataja mababu saba mfululizo, hakusita hata kwa mmoja, na mzee mmoja pale akasema huyo wa tano nimemsikia, alikuwa na jahazi moja na babu yangu. Basi, maneno yakaisha. Sasa niambieni, hao saba angewashika vipi kama kila mtu angepewa jina jipya lililopendeza mwaka ule? Majina yanajirudia ndio maana yanashikika. Na siku ya mirathi kwa kadhi, shamba bado liko kwa jina la marehemu babu, mtajua.

Kuna aliyesema jina la babu mtoto hapati chochote humo. Si kweli jamani. Kijana wetu ana jina la babangu, na mke wangu hajawahi hata siku moja kulitaja, manake ni jina la baba mkwe, humwita Babu. Babu njoo ule, Babu vaa viatu, amemwaga chai kwenye mkeka bado ni Babu. Yule mtoto anakua akijua kuna mtu aliheshimiwa kabla yake, na mzee naye akisikia vile anafurahi mpaka unamuona.

Haya, pale kaka ana haki. Nilikuwa kliniki moja, nesi akaita Mohamed Ali Mohamed, wakainuka akina mama wawili na watoto wao, mmoja wa Langoni mwengine wa Mkomani, mitaa ya Amu, hawajuani kabisa, na watoto wamezaliwa mwezi mmoja. Ikabidi nesi atizame jina la mama kwenye kadi ndio ajue chanjo ni ya nani. Lakini hapo jina la babu lina kosa gani? Kosa ni kwamba tunaandikisha majina matatu tu, ukoo tunauacha nyumbani. Wazee walikuwa wakijitaja fulani bin fulani bin fulani na mwisho ukoo wake. Ukienda kuandikisha kizazi mwambie karani aandike na ukoo, na usiondoke mpaka uone umeandikwa.

Na hapa ndipo mimi hasa nina uchungu. Kwa nini kila siku ni babu wa upande wa baba? Hao Wakikuyu wa Mpeketoni kijana wa pili humpa jina la babake mama, na msichana wa pili jina la mamake mama, hakuna ugomvi. Sisi mtoto wa nne bado tunatafuta ami wa baba ambaye hajapata wajina, na mama wa watu ameketi na uzazi wake hata haulizwi, siku ya saba akika inachinjwa na jina lishaamuliwa barazani. Mwanamke wa kwetu haolewi akaacha jina la babake. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake 1858 na mpaka leo tunamtaja kwa babake. Basi kama binti analichukua jina la babake mpaka kaburini, kwa nini likomee kwake, mjukuu asipewe?

Na dada aliyeuliza kuhusu mtoto ambaye babake amemkana: Mahakama Kuu ilishasema 2016 kwamba kile kifungu cha 12 cha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, kilichomzuia mama asiyeolewa kuandikisha jina la baba mpaka baba mwenyewe akubali, kinapingana na katiba. Lakini kama hulitaki jina lake, babako yupo. Mpe mtoto jina la babako, na mwenye kusema aseme.

Nataka nisikie wa Faza, Siyu na Pate, na Wagiriama pia, na hasa akina mama: kwenu kijana wa pili hupewa jina la nani, na nani huamua?