Kumpa mke laini ya miamala ili usibeti: ni kukosa imani au ndo kumtegemea Mungu kwenyewe?

Mleta mada (Igoma):
Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumatano naomba tulijadili bila matusi, maana walokole na wakatoliki mkianza huwa mnageuka Simba na Yanga.

Iko hivi. Kwenye kikundi chetu cha maombi kuna kijana anauza spea za pikipiki, kabeti miaka kama 4, mkeka asubuhi mkeka jioni mpaka mtaji ukakata. Kaokoka, kaombewa, akarudia mara 2. Safari hii akampa mkewe laini ya miamala na namba ya siri, hata hela ya mafuta anaomba. Juzi anatoa ushuhuda miezi 3 hajagusa, tunapiga makofi, mzee wetu mmoja akasimama akamwambia hapo umeshinda kwa akili zako siyo kwa nguvu za Mungu, akasoma Waefeso 6:10, mzidi kuwa hodari katika Bwana na katika uweza wa nguvu zake, akasema aliyevaa silaha za Mungu hakimbii simu. Kijana aliinama mpaka nikaona aibu mimi.

Msimamo wangu mzee kakosea. Yusufu alivyodakwa nguo na mke wa Potifa hakubaki mle ndani kukemea, aliacha vazi akatoka nduki. Na 1 Wakorintho 10:13 inasema pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Mlango ndugu zangu! mlango unapitwa kwa miguu, sasa kama mlango wa huyu kijana ni mkewe je? Anayejiamini ndo anabaki na laini, aliyeitoa kashakiri mimi siwezi. Leteni hoja.

Mchangiaji (Nyegezi):
Nakuheshimu ila mzee umemjibu kirahisi. Kumfichia mlevi chupa hata mpagani anafanya, soba hausi wapo watu hawasali na wanaacha. Aliyeokoka tofauti yake iko wapi? Siku mke akienda Ukerewe wiki nzima akaacha laini ndani itakuwaje? Paulo kasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. KUTAKA. Huyo bado anataka kubeti, kafungiwa tu.

Mleta mada:
Hapo kwenye kutaka umenibana sikatai. Ila mstari wa juu yake umeuruka kimyakimya, Wafilipi 2:12, utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Anayetetemeka ndo anatoa laini.

Mchangiaji (Kitangiri):
Hii kesi ya zamani jamani. Pelagio, mwalimu wa dini wa karne zile za mwanzo, alifundisha mtu kwa utashi wake anaweza kuacha dhambi, Askofu Augustino akasema bila neema hata kuanza kutaka huwezi, kwenye mtaguso wa maaskofu Kartago mwaka 418 mafundisho ya Pelagio yakakataliwa. Lakini Augustino huyohuyo aliishi na ndugu wa kitawa kwa kanuni, hakukaa peke yake akisubiri neema imdondokee. Kwetu wakatoliki neema inapita kwenye vitu vya kushikika. Ndoa si ni sakramenti? basi huyo mke yuko kazini.

Mchangiaji (Kirumba, Mwaloni):
Mi siyo msomi naongea yangu. Nilikuwa navua kwa tajiri mmoja huko visiwani, kwa kokoro, ule wavu wa kukokota, kila mtu anajua ni haramu, tunatoa sangara hata sentimita 30 hawafiki na sheria inataka 50. Nikaokoka, nikawa naomba Mungu nipe nguvu. Mnajua nguvu ya nini? ya kuendelea kuvuta kokoro bila moyo kuniuma, ndo ukweli. Baadae nikaacha, kuacha kwenyewe dakika 5, nilimwambia tajiri basi nikapanda boti. Ugumu wenyewe ulikuja wiki ya pili, nabeba mizigo hapa Mwaloni, mtoto anaumwa, tajiri anapiga rudi nakuongezea. Hapo ndo nilimlilia Mungu kweli. Akaja mama mmoja wa kanisani akanipa magunia 2 ya dagaa niuze nimrudishie kidogokidogo, ile simu ya tajiri sikupokea tena. Sasa huyo mzee kashampa kijana hata tairi 1 aanzie duka? au kampa mstari tu

Mchangiaji (Nyegezi):
Kwenye dagaa sina la kubisha. Ila swali langu la Ukerewe mmelikwepa wote.

Mleta mada:
Hatujakwepa, nilikuwa namtafuta mwenyewe. Nimempigia nikamuuliza hivyohivyo, akacheka, kumbe mke keshasafiri, msibani Sengerema siku 4, na laini aliacha kwenye droo ya kabati kasahau. Kijana anasema aliiona saa 3 usiku, akapanda bodaboda mpaka kwa mama yake Buhongwa akamwachia, akarudi kulala. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na mkewe hakuwa anajua. Haya Nyegezi, hiyo nayo siyo kutaka?